Dakota Mezani: Kila Mwalimu Mtarajiwa Ajenge Kitu Kimoja

Najua nimepotea. Wengine mmeniuliza kama nimesapu, wengine mkadhani bumu limetoka nikasahau watu. Hapana jamani. Nilikuwa fildi, yaani mazoezi ya kufundisha, wiki nane nzima nyumbani Masasi, kata ya Lisekese. Huko muda wangu uliliwa na maandalio ya masomo, madaftari ya kusahihisha, na kuunganisha ndege. Ndiyo, ndege. Ya plastiki. Msicheke kwanza.

Nina hoja, na naiweka hapa juu ili asiye na muda aondoke nayo: mwanafunzi wa ualimu asipewe shahada kabla hajatengeneza kitu kimoja kwa mikono yake, mwanzo hadi mwisho, tena kitu ambacho hakujua kukitengeneza. Bango la manila halihesabiki. Insha ya kurasa kumi kuhusu umuhimu wa kutengeneza nayo haihesabiki. Nataka kitu chenye kusimama mezani, watu wakiangalie na waseme kimekaa sawa au kimepinda.

Sasa nieleze nilivyofika hapo.

Mwaka jana binamu yangu anayefanya kazi Uingereza alikuja likizo na boksi. Lilikuwa zawadi ya mdogo wangu wa kiume. Mdogo wangu akalifungua, akaona fremu za plastiki ya kijivu zenye vipande vingi vyenye namba, akalifunga. Likakaa juu ya kabati linakula vumbi. Lilikuwa la kampuni ya Airfix ya Uingereza, ndege aina ya Dakota, kipimo cha 1/72. Maana yake kila sentimita 1 ya modeli ni sentimita 72 za ndege yenyewe. Nilipokuwa nafunga mizigo ya fildi nikasema ngoja nilibebe, litanifaa kama zana ya kufundishia. Mimi nasomea hesabu na fizikia, na kidato cha pili nilijua nitakuta mada ya maumbo yanayofanana. Nikajiona mjanja kweli.

Boksi halikuwa na gundi wala rangi. Binamu alishasema kwamba gundi yake maalumu inashika moto haraka, kwa hiyo hairuhusiwi kwenye ndege ya abiria. Angalia kichekesho hicho: ndege imesafiri kwa ndege, gundi yake imekataliwa kupanda. Nikaenda madukani Masasi mjini. Nikanunua supa gluu, ile ya kubandikia viatu. Nikanunua msasa laini, wembe, na rangi ya kucha ya fedha chupa mbili. Muuza duka akaniangalia vidole, akaniuliza, "Dada, una harusi?" Nikamwambia nina ndege. Hakuuliza tena.

Nyumbani aliyeichangamkia hiyo kitu alikuwa Babu mzaa mama. Nilimwamkia, akaitika marahaba, kisha macho yake yakaenda kwenye boksi moja kwa moja.

"Hii si Dakota hii?"

"Ndiyo Babu. Umeijuaje?"

"Mjukuu wangu, mimi nimebeba mizigo ya watu Nachingwea pale kiwanjani. Hii ukiingia unapanda mlima. Ndege imesimama chini, lakini wewe unapanda mlima kwenda kwenye kiti chako."

Kwa wasioijua, nieleze kidogo. Dakota ni DC-3 ya Wamarekani, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935. Ina injini mbili zenye pangaboi, na magurudumu makubwa mawili mbele na kagurudumu kadogo mkiani, ndiyo maana ikiwa chini inakaa pua juu kama mbwa aliyechuchumaa. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto zilitengenezwa zaidi ya 10,000 za kijeshi. Vita vilipokwisha zikauzwa kwa bei ya chini, zikatawanyika dunia nzima kubeba barua, abiria na kuku. Huku kwetu zilikuwa za East African Airways, shirika lililoanza tarehe 1 Januari 1946 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Walianza na Dragon Rapide, ndege ndogo za mbao na kitambaa zenye mabawa ya ghorofa, ndipo Dakota zikafuata. Shirika lilikufa 1977, na mwaka huohuo ikazaliwa Air Tanzania. Kwa hiyo ndege niliyokuwa nayo kwenye boksi haikuwa hadithi ya Wazungu tu. Babu yangu alishawahi kuipakia mizigo.

Haya, tuanze kujenga.

Shule niliyopangiwa (sitaitaja) ina chumba kimoja cha stoo. Nikaomba meza humo, nikachukua wanafunzi sita wa kidato cha pili wenye alama nzuri, wasichana watatu na wavulana watatu. Wa saba hakualikwa. Alikuja kuleta meza, akaiweka, akaegemea mlango, na hakuondoka. Nilimfahamu. Alikuwa mkia wa darasa. Alikuwa analala kipindi cha kwanza karibu kila siku, na kwenye jaribio langu la kwanza alipata 11 kati ya 100. Nami, mwalimu wa wiki mbili, nilimwandikia kwenye karatasi yake kwa wino mwekundu neno moja: "Mvivu."

Naliandika hapa neno hilo kwa sababu ni kweli nililiandika. Msinionee huruma.

Karatasi ya maelekezo ndani ya boksi karibu yote ni picha. Kipande hiki na hiki, mshale, namba. Nikasema hii ni kazi ya mtoto. Nikaanza kwa kasi, watoto wananitazama, mimi nakata vipande kwa kikata kucha na kubandika. Siku ya kwanza tukamaliza kiwiliwili. Asubuhi nakuja, vioo vyote vya madirisha vimeota ukungu mweupe, kama macho ya mzee mwenye mtoto wa jicho. Kumbe supa gluu inapokauka hutoa mvuke, mvuke unaganda kwenye plastiki angavu. Anayejua kazi hiyo huweka vioo kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo haitoi mvuke wa namna hiyo. Mimi sikujua. Abiria wetu wote wakawa wanasafiri ndani ya mawingu.

Siku ya tatu likaja kosa kubwa. Nilibandika miguu ya magurudumu. Kila mguu una namba yake, na picha inaonyesha wazi kwamba umeinama kwenda mbele. Mimi niliangalia namba, sikuangalia mwinamo. Nikabandika, nikahesabu kumi, supa gluu ikashika. Tukaisimamisha ndege mezani. Ikayumba. Mara mkia chini, mara pua chini, na ukiigusa kidogo tu inapiga magoti.

Wale sita wakanyamaza. Wanafunzi wazuri wamefundishwa kwamba mwalimu hakosei. Yule wa mlangoni akasema, polepole tu:

"Madam, miguu imeangalia nyuma."

Nikamuuliza amejuaje, na nakiri niliuliza kwa sauti ya mtu aliyeudhika. Akasema, "Kwenye toroli, mzigo ukizidi mbele ya gurudumu, toroli linakwenda kwa pua. Hii inatakiwa mzigo wake uwe nyuma ya gurudumu, ndiyo ikae kwa mkia."

Wenzangu wa fizikia mmeisikia hiyo? Huyo ni mtoto wa alama 11. Ameeleza kitovu cha uzito na momenti ya kani kwa sentensi mbili za Kiswahili, bila ubao, bila fomula. Nilipomuuliza toroli gani, nikajua na jambo la pili. Alfajiri anabeba maji kwa toroli kabla ya shule, na msimu huo, kwa kuwa mikorosho ilikuwa inatoa maua, jioni alikuwa anakwenda na kaka yake kupuliza salfa kwenye mashamba ya watu. Ile mashine ya kupulizia inavaliwa mgongoni, ina injini na pangaboi ndani. Alikuwa anaijua kuizima, kuifungua, kuisafisha na kuiwasha. Analala kipindi cha kwanza kwa sababu amechoka. Mvivu ni nani sasa?

Nikataka kurekebisha. Nikakumbuka dawa ya kuondoa rangi ya kucha inalegeza supa gluu. Ni kweli inalegeza. Ila inayeyusha na plastiki. Bawa la kushoto likapata kidonda ambacho hakikupona, na mguu mmoja ukavunjika. Nilitamani kulirudisha boksi juu ya kabati. Nilikaa usiku nikajisikia vile hasa anavyojisikia mwanafunzi aliyeitwa ubaoni, akakosea, na chaki bado iko mkononi.

Jumamosi nikapanda gari kwenda Newala kwa mjomba wangu, mchonga vinyago. Aliugeuza mguu uliovunjika mkononi, akacheka, akachonga mwingine wa mpingo mbele yangu kwa kisu na msasa. Akaniambia, "Mpingo ukikata umekata, haurudishi. Ndiyo maana sisi tunaangalia sana kabla ya kukata." Mimi nilikuwa nakata kwanza halafu ndiyo naangalia. Kwa hiyo ile Dakota mpaka leo ina mguu mmoja wa plastiki na mmoja wa mpingo. Ukiuliza upi imara, jibu unalo.

Wiki ya tano nikabadili mpango. Mchoraji wa mipango akawa yule kijana, mimi nikawa mshika gundi. Stika za kijeshi zilizokuwa ndani ya boksi tukaziacha. Msichana mmoja mwenye mwandiko mzuri akaandika East African Airways ubavuni kwa peni nyeusi, na karibu na mkia akaandika 5H, herufi za usajili wa ndege za Tanzania, akaongeza LIS. Lisekese sasa ina ndege yake, 5H-LIS.

Halafu ndiyo likaja somo lenyewe. Nilikuwa nimepanga kuishika modeli mbele ya darasa na kusema, "Hii ni modeli, kipimo chake ni 1/72, nakilini." Yule kijana akaniuliza kwa nini tusiichore ukubwa wake. Nikamwambia wapi? Akasema uwanjani.

Basi tukaenda uwanjani, wanafunzi 68, tukiwa na kamba, rula na ndoo tatu za majivu kutoka jikoni kwa shule. Wakapima bawa hadi bawa kwenye modeli: sentimita 40.2. Wakazidisha mara 72, wakapata sentimita 2,894.4, yaani karibu mita 29. Urefu wakapata karibu mita 20. Kundi moja likachora kiwiliwili kwa majivu, kundi jingine mabawa, jingine mkia. Kuna kundi lilisahau kuzidisha kwa 72 sehemu moja, mkia ukatoka mdogo kama wa mbuzi, darasa zima likacheka, wakafuta kwa miguu wakachora upya. Ilipokamilika tukasimama. Kimya. Mabawa yalikuwa sawa na magoli manne ya mpira yaliyopangwa kwenye mstari. Watoto ambao hawajawahi kupanda ndege wakaanza kukaa ndani yake, wawili wawili, wakigombania dirisha.

Siku hiyo wengi walijua maana ya kipimo. Na swali gumu likatoka kwao wenyewe: kama urefu umepungua mara 72, je, uzito nao umepungua mara 72? Karibu wote wakasema ndiyo. Nikachukua matofali, nikajenga mchemraba wa matofali mawili kila upande. Upande umeongezeka mara 2, matofali je? Nane. Wakaanza kukokotoa wenyewe: 72 mara 72 mara 72 ni 373,248. Dakota tupu ina uzito wa karibu tani 8. Gawanya, unapata gramu 21 na kidogo. Tukaipeleka modeli kwenye mizani ya maabara, ikapita gramu 100. Mbona yetu nzito hivyo? Wakajibu wenyewe baada ya mabishano: kama bati la ndege lina unene wa milimita 1, kwenye kipimo chetu lingekuwa jembamba kuliko karatasi ya daftari, na plastiki haiwezi kufinyangwa nyembamba hivyo. Mabishano yote yalikuwa kwa Kiswahili, sikuwazuia. Jibu la mwisho tukaliandika kwa Kiingereza kwa ajili ya mtihani.

Tukiwa katikati ya hayo ndipo mhadhiri aliyetumwa kunikagua alipofika. Alikuta darasa tupu. Akaelekezwa uwanjani, akakuta watoto wamekaa chini wamepakaa majivu, na mimi nina tofali mkononi. Akauliza andalio la somo liko wapi. Lilikuwa stoo. Akauliza zana yangu iko wapi. Nikanyoosha mkono kwenye uwanja mzima. Sikupata alama nzuri. Kwenye fomu, sehemu ya udhibiti wa darasa, niliumia kweli.

Sitaki kumlaumu mtu. Fomu ndivyo ilivyo. Lakini sisi wanachuo tuambizane ukweli. Zana zetu za siku ya ukaguzi tunazijua. Usiku wa kuamkia ukaguzi tunachora figo kwenye manila, tunakata boksi la sabuni tunaliita mchemraba, tunafunga uzi tunasema mfumo wa jua. Tumezipa na jina la heshima, zana faraguzi. Mkaguzi akishaondoka, manila inageuka kifungio cha karanga. Mimi mwenyewe mwaka wa pili niliazima zana ya mwenzangu, yeye akakaguliwa asubuhi nami mchana, tukapata alama tofauti kwa bango lilelile! Kufaragua kwenyewe ni akili kubwa, yule kijana na mashine yake ya salfa anafaragua kila siku. Tunachofanya sisi ni kuzuga.

Na kuzuga kuna gharama. Watu wa kwetu kusini tunaijua gharama hiyo kwa jina: Mradi wa Karanga. Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu wa Kiingereza ulikaa Tanganyika wiki chache tu, sehemu ya nchi wakaiangalia kutoka angani, wakarudi na mpango wa kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3. Kazi ikaanza 1947, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yakavunjika kwenye visiki, mvua haikufuata ratiba, na udongo wa Kongwa kiangazi ukawa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikafunga hesabu, zaidi ya pauni milioni 30 zimekwenda. Hata reli ya Mtwara hadi Nachingwea iliyojengwa kwa ajili ya mradi huo iling'olewa baadaye. Hawakuwa watu wajinga. Waliwahi kuamini karatasi kabla mikono yao haijaugusa udongo. Mwalimu anayeamini andalio la somo kuliko mtoto aliye mbele yake ni ndugu yao wa damu.

Najua mtakachosema. Mmoja wenu hapa hosteli ameshanijibu: "Wewe una binamu Uingereza, sisi tutapata wapi hayo maboksi?" Ni kweli, na ndiyo maana sisemi kila chuo kiagize ndege za plastiki. Tena boksi lina upungufu wake. Vipande vyote vimeshaamuliwa na mtu mwingine, wewe kazi yako ni kutii namba. Mtoto anayejenga gari la waya na visoda anaamua kila kitu mwenyewe, na kwa hilo anamzidi mwenye boksi. Ila boksi lina kitu ambacho gari la waya halina: halikubali kudanganywa. Gari la waya likipinda unasema ndivyo nilivyotaka. Dakota ikipiga magoti mezani, kila mtu anaona umekosea, na picha ya usahihi iko hapo inakutazama. Ninachotaka ni kitu cha namna hiyo, chochote. Redio inayoshika stesheni. Kiti kisichoyumba. Jiko la mkaa linalowaka. Mizani inayopima kweli sukari ya robo kilo.

Mwingine atasema muda hakuna, tuna kozi nane kwa mwaka. Muda upo. Mimi Dakota ilinichukua jioni kama kumi na tano. Semina ngapi tumekaa jioni kumi na tano tukisomeana slaidi kuhusu ufundishaji shirikishi, mmoja anasoma, thelathini wanachati?

Na wa tatu atasema mwalimu wa historia au Kiswahili ajenge nini, na ya nini. Huyu namjibu taratibu. Kujenga hakukunifundisha ndege. Kulinifundisha kukosea mbele ya watu. Mimi tangu darasa la kwanza nimekuwa wa kwanza hadi wa tano. Sikuwahi kukaa na kitu kinachokataa, nikajaribu, nikaharibu zaidi, halafu mtu niliyemdharau akanionyesha njia. Asiyewahi kuonja hayo anapokutana na mtoto asiyeelewa, ana neno moja tu la kumwandikia, na mnalijua neno lenyewe. Mwalimu wa historia anao watoto wa namna hiyo. Wa Kiswahili pia anao.

Wiki ya mwisho nilimwita yule kijana nikamwomba karatasi ya lile jaribio la kwanza. Alikuwa nayo, imekunjwa ndani ya daftari. Nilikata neno langu, nikaandika juu yake, "Samahani. Nilikuwa sijakufahamu." Akaisoma, akaikunja tena, akairudisha palepale. Hakusema kitu, na sikumlazimisha aseme.

Msije mkadhani nimemwokoa. Jaribio la mwisho alipata 24. Swali la kipimo alilipata lote, mengine yalimpiga kwa sababu yalikuwa na Kiingereza kirefu. Mbele yake kuna mtihani wa taifa wa upimaji wa kidato cha pili, na mtihani huo haumuulizi mtu kuhusu toroli. Anaweza kurudia darasa. Hilo linaniuma mpaka sasa ninapoandika, na ndege ya majivu haiwezi kulifuta. Nilichoweza ni kumwachia mwalimu wa somo taarifa ya ukurasa mmoja kuhusu anachokijua huyu mtoto, na kuongea na mama yake juu ya maji ya alfajiri. Mama alinisikiliza, akaniuliza, "Sasa mwanangu, maji tusichote?" Sikuwa na jibu. Chuoni hatukufundishwa jibu lake.

Dakota nimeiacha shuleni. Niliomba isifungiwe kabatini. Siku moja kabla sijaondoka Babu alitembea na fimbo yake hadi pale kuja kuiona. Aliinama, akaiangalia kwa upande, vioo vyenye ukungu, kidonda cha bawa, mguu wa mpingo. Kisha akaisukuma mkia kidogo kwa kidole. Haikuyumba.

"Imekaa sawa," akasema. "Hapa mtu anapanda mlima."

Basi hiyo ndiyo shahada yangu ya kweli ya mwaka huu, na hakuna ofisi iliyoipiga muhuri. Naomba kutoa hoja. Wanaoniunga mkono wajitokeze, na wanaopinga nao waje, ila aje kila mmoja na kitu alichokitengeneza mwenyewe. Tukiweke mezani kwanza. Halafu ndiyo tubishane.